Vidonge vya Mjomba na Minyoo ya Nambilanje

Dada Somoe,

Nimefika salama Nambilanje. Vumbi jekundu linatua hadi kwenye chai, nasi tunakunywa tu.

Unajua Mjomba Selemani alivyotulia tangu aanze vidonge vya kliniki ya akili. Basi wiki iliyopita, nje ya msikiti, akatangaza kwamba vidonge hivyo vimemwondolea na minyoo. Kosa ndilo hilo. Leo nimemsindikiza zahanati siku yake ya kliniki, tumekuta nusu ya kijiji wamejitia wazimu ili nao wapewe. Mwalimu mkuu kavaa sufuria kichwani. Mama Anjela wa kwaya anabishana na mbuzi, na mbuzi anamshinda. Dawa ya minyoo yenyewe ipo dirisha la pili, wala haina foleni.

Nesi ni mgeni hapa. Akawaandika mmoja mmoja mpaka akamfikia Mjomba, amekaa kimya, shati limepigwa pasi.

"Mzee, wewe umemleta nani?"

Mjomba akaitazama foleni yote. "Hawa."

Nesi akampa pole, akapita. Nikamwambia mgonjwa ni huyu, hakuniamini, na cheti cha kliniki tulikiacha nyumbani. Tumerudi mikono mitupu, na nyumbani vimebaki vidonge viwili. Kesho tunakwenda tena na cheti chake. Tuombee, dada yangu, na watoto uwakumbatie mpaka walalamike.

Nimemsihi Mjomba kesho angalau avue kiatu kimoja. Amekataa. Anasema watu watamwona kichaa.

Mdogo wako,
Mwanaidi