Mwisho Uliokuwa Ukiukimbia

Baba Zaina wangu,

Nimekaa nje, kwenye ngazi ya mlango wetu hapa Buyenzi, pale ulipokuwa ukivua viatu ukitoka dukani. Ndani wako mdogo wako Hamisi, binti yetu Zaina, na mama mmoja wa Uvira anayeuza mawese pale Gatumba, mpakani. Huyo mama anasema alikuwa barabarani siku uliyoondoka, na kwamba aliona yaliyokupata. Hamisi amemleta atueleze, ili Ijumaa mashehe waje wakusomee hitma nami nianze kukaa eda. Nimewaandalia chai, nikaweka sinia mezani, nikatoka. Hamisi amekasirika. Amesema mwanamke mwenye akili hakimbii habari za mumewe. Nimemwambia wasikilize wao, mimi nina barua ya kuandika.

Najua ungecheka. Kati yetu wawili, aliyekuwa akitoka nje ni wewe.

Unaikumbuka sinema yetu ya mtaa wa pili, yenye viti vya mbao vilivyokuwa vikinichania nguo? Kabla ya vita tulikuwa tukitoka pale usiku mkubwa, tukanunua mishikaki, tukatembea polepole tukibishana. Vita vilipokuja, ikaja na kuvrefe, ile amri ya kutotoka usiku. Jioni ikiingia askari wanafunga barabara, na atakayekutwa nje shauri yake. Filamu za Kihindi zile za zamani ni ndefu, hazina haraka na mtu. Zikawa zinakatwa katikati, taa zinawashwa, watu wanatimua mbio kwenda makwao huku wakimtukana mwenye sinema. Mzee wa watu akachoka na matusi, akapata wazo ambalo sijalisikia kwingine. Akawa anaanza na mkanda wa mwisho. Watu wanauona mwisho kwanza, halafu filamu inaanza tangu mwanzo na kwenda mpaka saa ya kukimbia.

Mtaa mzima ulikubali, tena watu walimsifu. Wewe peke yako ndiye uliyegoma. Ulilipa kama wengine, lakini mkanda wa mwisho ulipoanza uliinuka ukatoka ukasimama mlangoni, karibu na mama wa karanga. Mara ya kwanza nilikufuata nikidhani unaumwa.

“We ingia,” ukaniambia. “Mi siwezi kumulilia mutu mbele ya kumujua.”

Nikaingia, maana mimi nilitaka kujua. Sikuwa na subira kama wewe, na siku zile kitu chochote chenye mwisho kilinipa raha, hata kama ni mwisho mbaya. Ule mkanda ukiisha nilikuja kukuita. Shida ilikuwa ukiniangalia usoni unajua yote. Ulisema uso wangu hauwezi kunyamaza. Ndipo nikaanza kujifunika mtandio uso mzima kila nikitoka, nakushika mkono, nakurudisha ndani kwenye giza. Watu walituzoea. Na Zaina, ambaye wakati huo alikuwa mdogo wa kupakatwa, akajifunza. Alikuwa akitoka na mimi naye kajifunika kitambaa chake, anakuambia hakuna kitu, hakuna kitu. Ulikuwa ukimbeba ukimcheka.

Nakumbuka pia porojo zenu dukani kwako, katikati ya minyororo na pedali za baiskeli, wewe na rafiki yako Leonidas, mwalimu wa Nyakabiga. Hakuna kati yenu aliyeweza kusoma maandishi yale ya Kihindi yanayopita mwanzoni, basi watengenezaji na waigizaji mkawabatiza wenyewe kwa tabia zao. Yule mwigizaji wenu mpendwa mlimwita Macho, kwa sababu alikuwa hasemi, anaangalia tu, na sinema nzima inanyamaza. Na yule mtengenezaji wa zile filamu za machozi mlimwita Mzee wa Mvua. Katika filamu zake mtu hafi mpaka mvua inyeshe kwanza. Leonidas alisema huo ni uvivu, jamaa alinunua mpira wa maji na anataka kuutumia. Wewe ulikasirika kana kwamba ametukanwa mjomba wako.

“Mutu wa roho mubaya anaua gafla,” ukamjibu. “Huyu anatuma mvua kwanza, watu wajitayarishe.”

Nilikuwa nyuma ya pazia nashona. Nje tangu asubuhi tulikuwa tumesikia milio kutoka milimani. Nikawaza kwamba ningependa na vita vyetu viwe na mtu kama huyo. Leonidas aliacha kuja baada ya zile siku ghasia zilipoufunga mji. Ulimsubiri wiki nyingi, ukimwekea kiti, na mpaka leo sijui yuko wapi.

Filamu ya mwisho tuliyoiona pamoja ilikuwa ile ya mtu wa taa. Macho alikuwa ameshazeeka, kaigiza mlinzi wa daraja la reli. Mkewe anamletea chakula kila jioni, naye kila jioni anamwambia chumvi imepungua. Hapo ulinipiga kiwiko, kwa sababu na wewe ndivyo ulivyokuwa. Halafu mto unajaa, daraja linaanza kuvunjika, na treni iko njiani. Macho anachukua taa yake na kuanza kutembea juu ya reli kwenda kuisimamisha. Mawingu yamekusanyika meusi, lakini mvua bado. Treni inapiga honi. Pale pale taa za sinema zikawashwa, tukakimbia.

Njia nzima ulikuwa ukiuliza kwa kuhema: itanyesha au haitanyesha? Mimi nilikuwa najua. Mkanda wa mwisho nilikuwa nimeuona mwanzoni, nimelia, nimejifuta, nimejifunika mtandio wangu na kukufuata. Tulipofika nyumbani na kufunga mlango, uliniapisha nisikwambie mpaka utakaponiuliza mwenyewe. Ukasema siku vita vikiisha wataionyesha tena kwa mpangilio wake, nasi tutakaa mpaka mwisho kama watu. Nikaapa. Baada ya hapo kila mvua ikigonga mabati ulikuwa ukinitazama kwa jicho la wizi, nami najifunika shuka. Hayo ndiyo yaliyokuwa mapenzi yetu, na yalinitosha.

Halafu ile asubuhi. Dukani minyororo ilikuwa imekwisha, ukasema utavuka mpaka pale Gatumba, ufike Uvira, urudi kabla ya kuvrefe. Nilikuomba usiende. Jana yake jioni tulikuwa tumesikia bunduki upande wa Rukoko, na wafanyabiashara wengine walikuwa wameahirisha. Ulikuwa umeshashika baiskeli. Ukanyanyua kichwa, ukaangalia juu.

“Ona jua vile ni kali, Mama Zaina,” ukasema. “Mzee wa Mvua haui mutu kwenye jua.”

Nikacheka. Wewe nawe ukacheka, ukapanda, ukakata kona ya msikiti. Mchana kutwa hapakuwa na hata wingu.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa ajabu. Nimewafukuza watu wawili waliokuja na habari zako kabla ya huyu mama. Nimemwambia imamu akiwataja marehemu asiliweke jina lako humo. Majirani wananiita mjane wakidhani sisikii, na mimi nakupikia, kisha chakula chako nampa paka. Nakukasirikia, Baba Zaina. Nakukasirikia kwa lile jua. Vita vinaendelea, Zaina amekuwa mkubwa kunishinda kimo, na ile sinema imefungwa, ukumbi wanawekea saruji. Hakuna wa kutuonyesha chochote kwa mpangilio wake. Sikudanganyi, akilini najua. Ila kujua akilini na kuambiwa kwa mdomo wa mtu ni vitu viwili, na mimi cha pili sikukitaka. Sasa ndiyo naelewa ulikuwa unasikia nini pale mlangoni, karibu na mama wa karanga.

Sauti ya mama wa Uvira naisikia kwa mbali, chini chini, bila maneno. Hamisi alikuwa akiuliza uliza, sasa haulizi tena.

Niliacha kuandika kidogo. Zaina ametoka. Amesimama mlangoni, kajivutia mtandio uso mzima, kaushika kwa mikono miwili. Sikujua kama anakumbuka. Nimemsogelezea nafasi kwenye ngazi, amekaa, bega lake kwenye langu.

“Mama,” kaniambia humo ndani ya kitambaa, “mi niseme?”

“Bado,” nimemjibu. “Acha nimalize na baba yako.”

Juu jua ni kali, mume wangu, kali kama la siku ile. Ulimwamini mno Mzee wa Mvua. Niliapa nisiseme mpaka uulize, na Mungu anisamehe, nimeona hutauliza. Basi sikiliza. Mvua ilinyesha. Ilinyesha mara tu Macho alipofika katikati ya daraja, kubwa, mpaka taa yake ikawa haionekani vizuri. Dereva aliiona dakika ya mwisho, treni ikasimama, watu wote wakapona. Daraja likakatika, Macho akachukuliwa na mto. Mkewe alikuja na chakula, akakiweka juu ya reli, akaonja, akaongeza chumvi.

Huo ndio mwisho uliokuwa ukiukimbia. Sasa nainuka, namshika Zaina mkono, naingia ndani nikaambiwe wa kwako.

Lala salama, mpenzi.

Mkeo,
Mama Zaina