Pikipiki Tuliyoipaka Masizi

Baraka, 14/6/1999

Mpendwa Dada Constance,

Nisamehe, dada yangu. Barua yako ilinifikia kabla ya mvua kwisha, na mi sikujibu. Si kwamba nilikusahau. Kila nikishika kalamu, mkono ulikataa.

Afya yako iko namna gani huko Kigoma? Kifua cha shemeji kimepoa? Batoto wanakula? Sisi tungali hai. Tania anaongea sana, na mdogo wake ameanza kukaa mwenyewe.

Jirani yetu Bushira hayupo tena. Basoda, hawa askari wa vita, walitaka pikipiki yake. Akaomba ashushe kwanza gunia la mkewe. Walimpiga risasi palepale mlangoni, mikono ikiwa kwenye usukani. Mkewe Saumu aliosha damu kwa maji ya kupikia.

Sasa unaijua ile piki nyekundu ya mume wangu Casimir, vile alivyoipenda. Nilimwambia, tuiharibu sura. Tukaifungia jikoni. Idi mvuvi alitupa mabaki ya rangi ya mtumbwi wake, nzito kama ugali. Tukailainisha kwa mawese, tukachanganya masizi ya sufuria. Burashi hatuna, tukapaka kwa manyoya ya kuku. Casimir akacheka: "Mama Tania, umemvalisha bibi harusi wangu nguo ya matanga!" Nikamjibu, "Afadhali avae yeye kuliko mimi."

Ilikuwa mbaya kweli. Basoda waliipita njiani bila kuigeukia, na Casimir akaendelea kubeba watu kwenda soko la Fizi.

Lakini unamjua. Kila asubuhi lazima aipanguse kwa kitambaa chenye petroli. Mkono umezoea. Na ile rangi ya mawese haikuwa imekauka vizuri. Siku moja nilikuwa natwanga majani ya sombe, nikasikia mtu anacheka uani: "Ee! Kumbe chini ya masizi kuna nyekundu!"

Walikuwa basoda watatu. Mmoja alipiga teke kuiwasha. Ikakataa, maana Casimir akiiegesha huing'oa buji, ile ya kuwashia injini, akanipa mi niifunge kwenye kitenge. Wakamuuliza iko wapi. Akanyamaza. Wakamvunja vidole kwa kitako cha bunduki, juu ya usukani uleule, kimoja kimoja. Wakampiga risasi ya paja. Kisha yule aliyecheka akamwekea mdomo wa bunduki sikioni, akaniangalia mimi. "Na we mama, hujui?"

Nilifungua kitenge, nikawapa. Casimir alipiga kelele: "Usitoe! Batoto watakula nini?"

Nilimjibu mbele yao: "Watakula na baba yao."

Wakaondoka nayo. Walipomaliza kuiwasha walimpiga teke la mdomo, ndiyo kwaheri yao.

Tangu siku hiyo haniongeleshi. Anageukia ukuta. Namwosha kidonda, namlisha uji, hata aksanti hakuna. Sawa. Anikasirikie akiwa mzima. Ila paja linanuka, dada, homa haishuki, na dispanseri yetu iliporwa dawa zote. Idi anavuka ziwa kesho na barua hii. Atakungoja mwaloni Kibirizi hadi umletee mzigo. Usichelewe kama nilivyochelewa mimi.

Nisalimie shemeji Placide, mwanao Pulchérie, na mama mkwe wako Mama Suzanne. Mwambie sombe yake bado naikumbuka. Mungu aliyekuvusha wewe ziwa akukalie karibu huko, na huku pia asituache.

Mdogo wako, anayekubeba moyoni,

Émilienne

N.B. Vitu ambavyo bado nahitaji: penisilini ya kuchoma, na sindano zenyewe. Bandeji. Spiriti ya kusafishia kidonda. Vidonge vya homa. Sabuni na chumvi. Viatu vya Tania, urefu wa kamba niliyoiweka ndani ya bahasha. Na fimbo moja ya kutembelea, ya mtu mrefu. Ipime kwa Placide, wanalingana. Casimir hataitaka. We itume tu. Iwe mti mtupu, isipakwe rangi.