Pikipiki Yangu, Jina la Mdogo Wangu

Kosa la wengi wanaonunua pikipiki ugenini ni kukagua injini na matairi mpaka mikono ichafuke, halafu fomu ya bima wakaitia sahihi wakiwa wamesimama. Aliyeniandikia barua hii amekosea papo hapo, na kwa kazi yake ndiye ambaye nisingetarajia akosee.

*Mpendwa mshauri, naomba unisaidie maana nimebanwa na uongo nilioutamka kwa mdomo wangu mwenyewe. Mimi ni mkunga, mwaka wa ishirini na sita huu naenda kazini kwa pikipiki, mvua na jua, na mume wangu ni mwalimu mstaafu wa jiografia ambaye amefundisha milima na mito ya nchi za watu bila kuuona hata mmoja, basi tukakubaliana likizo hii twende anakoishi mdogo wangu, tuzunguke huko na nchi jirani wiki nne kwa pikipiki, mimi mbele yeye nyuma, na majirani walipomcheka akawajibu, "Miaka thelathini nimekaa nyuma yake nyumbani, nitashindwa barabarani?" Mdogo wangu akatutafutia pikipiki nzuri, tukainunua, ila kwa kuwa kule mgeni asiye na anwani haandikishwi, akaiandikisha kwa jina lake, na bima nayo akakata kwa jina lake, na pale fomu ilipouliza nani ataiendesha akajaza "mimi peke yangu", eti akinitaja mimi bima itapanda. Nilipomuuliza akacheka, "Dada, hiyo ni fomu tu, nani atakuja kupekua? Wewe endesha polepole." Nikaiacha fomu ilivyo. Sasa juzi mume wangu, ambaye ana chuma kwenye nyonga tangu alipoteleza bafuni, alikuwa ameinamia ramani mezani na rula yake, akaniuliza bila kuinua kichwa, "Mke wangu, nikianguka huko, bima itanitibu?" nikamjibu, "Kila kitu kimo," akasema, "Haya," akaendelea kupima. Hiyo "haya" yake ndiyo inayoninyima raha, kwa sababu hakuuliza tena. Zimebaki siku kumi na tisa. Nikisema ukweli naogopa safari itakufa, na sidhani kama ataipata nyingine. Je, nikiendesha kwa uangalifu haitoshi?*

*Mkunga wa Magurudumu Mawili*

Binti yangu, haitoshi. Uangalifu ni wako. Yule atakayechomoka barabara ya pembeni bila kutazama hukumfundisha wewe. Nakuonea huruma, kwa kuwa umedanganya kwa mapenzi, lakini uongo wa mapenzi haulainishi lami.

Nikueleze. Watu hudhani bima hukatiwa chombo. Kampuni ya bima haijaiona pikipiki yako. Inachokiona ni majibu. Hayo ndiyo inayoyapima, na siku ya ajali hayo ndiyo inayoyafungua kwanza. Ikikuta aliyeshika usukani siye aliyeandikwa, inaweza kukataa kulipa, na hata ikimlipa uliyemgonga, inaweza kuwageukia wewe na mdogo wako.

Ila haya unayajua kunizidi. Mara ngapi mama mjamzito amekaa mbele yako, ukamuuliza, "Umewahi kupasuliwa?" naye akasema hapana kwa sababu mama mkwe yuko mlangoni? Kadi yake ya kliniki ilijaa vizuri, mistari yote, nawe ukajiandaa kumhudumia mtu ambaye hayupo. Bila shaka ulimgombeza ulipoliona kovu. Basi fomu ya mdogo wako ni kadi ile, na safari hii anayeficha kovu ni wewe.

Jina lake kwenye kadi ya pikipiki si kosa, ikiwa sheria ya huko haikuachii njia nyingine. Abaki mwenye chombo, akuandikie barua ya ruhusa inayotaja pia kuvuka mipaka. Bima ndiyo irekebishwe: uingizwe kama mwendeshaji, pamoja na leseni yako na miaka yako ishirini na sita, ambayo si aibu. Mdogo wako awaulize watu wa bima kwa maandishi kama leseni yako inatambulika, kama abiria wa nyuma yumo, na ni nchi zipi zimehesabiwa. Tena msitegemee bima ya pikipiki kuwatibu. Kateni ya matibabu ya safari, na kile chuma cha nyonga kitajwe. Wakikataa kukuandika, aiuze, nanyi mkodi dukani pikipiki yenye bima inayokutaja wewe. Mlima hauulizi umefikiwa kwa pikipiki ya nani. Na mdogo wako aache kucheka. Sahihi ile ni yake.

Unaogopa safari itakufa. Safari inaweza kuahirishwa, ikafupishwa, ikageuka ya treni, na mwalimu bado akauona mto. Lakini anayekaa nyuma ana macho, hana breki. Breki yake ni neno lako, na aliposema "haya" aliliachia uzito wake wote.

Leo, kabla hajaikunja ramani, kaa naye mezani umwambie, "Sikukwambia kweli, mimi simo kwenye bima, na wewe sijui kama umo," kisha mpigieni mdogo wako simu mkiwa wawili.