Kikao cha Kamati ya Kijito Kuhusu Miche ya Kwenye Kona

Jumamosi, ghala la miche, saa 9:20 alasiri.

WALIOHUDHURIA: Mwenyekiti (mwashi mstaafu), Mama yake mzazi (mjumbe, mkazi wa kwenye kona), Fundi Cherehani, Mfuga Mbuzi, Katibu (muuza duka).
ASIYEHUDHURIA: Mchoma Matofali, bila taarifa, kama kawaida yake.

KUMB. NA. 1/3: KUFUNGUA
Mwenyekiti aliwataka wajumbe waseme kwa ufupi. Yeye alisema dakika kumi na tano.

KUMB. NA. 2/3: VIPIMO VYA KIJITO
Fundi Cherehani alieleza kwamba kwa misimu miwili, baada ya kila mvua kubwa, alivuta kamba kutoka kigingi cha ng'ambo hadi cha huku na kupima upana wa kijito. Karibu na daraja haujabadilika hata kwa kidole. Kwenye kona umetoka mita nne hadi saba, na unaoliwa ni ukingo wa upande mmoja tu. Kwa hiyo miche mia mbili tuliyopanda kwenye kona mwaka jana haikuliwa na mbuzi, ilienda na ukingo. Alishauri miche ya darajani ikae karibu na maji, ya kwenye kona irudi nyuma mita sita, ishike mizizi kabla maji hayajaifikia.

Mfuga Mbuzi alisema, "Si niliwaambia! Mwaka mzima mnawasingizia mbuzi wangu!" Aliombwa radhi.

Katibu anakiri kwamba alizoea kumwita Fundi "Mpima Matope". Haki ya Mungu, daftari lake ni safi kuliko hili.

KUMB. NA. 3/3: MSTARI WA MICHE KWENYE KONA
Mwenyekiti alipinga. Alisema nyumba ya pale alimjengea mama yake kwa mikono yake, na daftari haliwezi kumhamisha.

Fundi alijibu, "Kaka, mita sita ni jikoni kwa mama. Nimepima mara tatu, nikitamani niwe nimekosea."

Mama aliomba asomewe tarehe za vipimo moja moja. Kwenye ile ya mwezi wa nne alisema, "Hiyo ndiyo asubuhi niliyokuta banda la kuku halipo. Mvua ikianza tu, mimi silali."

Mwenyekiti aliuliza kwa nini hakumwambia.

Mama alijibu, "Ulikuwa unaisifia sana nyumba, mwanangu."

AZIMIO: Mstari upite jikoni, Mama ahamie kwa mwanawe. Mwenyekiti ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza.

Wajumbe walitawanyika saa 11:05 jioni.

Mwenyekiti: (amesaini)
Katibu: (amesaini)