Magoti ya Roza

Jumatatu, 3 Juni
Uji umeungua. Kosa langu, nilikuwa nasimamia salamu. Wasichana wote wa kituo hiki cha waliotoka vitani hupiga magoti wakiniamkia, kasoro Roza. Huyo husimama wima, mikono nyuma, macho ukutani. Alichukuliwa na wenye bunduki ng'ambo ya Ruvuma akiwa na miaka kumi na miwili, wakampa na yeye bunduki. Sasa ana kumi na sita. Najua yote hayo. Ila hata adabu jamani?

Jumatano, 5 Juni
Bibi yake kapatikana Kitangari. Ndugu pekee aliyebaki. Amesema kwenye simu atakuja Masasi Jumamosi amwone kwanza. Kama wameshamharibu, hamchukui. Asipomchukua, Roza atapelekwa mbali, kwa watu asiowajua. Nimeapa: mpaka Jumamosi huyu mtoto atapiga magoti.

Alhamisi, 6 Juni
Tumejaribu asubuhi nzima. Wapi. Nikamshika mabega, nikamsukuma chini. Akajikojolea. Sketi nimeifua mwenyewe, kwa hasira.

Ijumaa, 7 Juni
Tulikuwa tunachambua mchicha, msichana anayelala naye chumba kimoja akaniambia: "Mama Neema, kule ukiambiwa piga magoti, huinuki tena."

Nimeshindwa kumaliza mchicha. Mimi na semina zangu zote! Nimemwomba Roza radhi. Kanigeuzia mgongo. Ana haki. Naogopa kesho.

Jumamosi, 8 Juni
Bibi kafika saa nne. Mfupi, mkali, kanga mbili. Nilitaka kumweleza getini, hakunisubiri. Roza akasimama vilevile, wima. Bibi akamtazama tu. Nikasema basi, tumekwisha. Nikamweleza yote palepale, hata la sketi. Niliona aibu sana.

Bibi akavua ndala, akaketi chini uwanjani, akanyoosha miguu. Akapigapiga mchanga kando yake, akamwita kwa Chimakonde. Roza akakaa. Wakakaa muda mrefu, bega kwa bega. Shikamoo yenyewe niliisikia kwa shida.

"Marahaba, mjukuu wangu. Marahaba."

Wameondoka na basi la mchana. Roza hakuniaga. Imeniuma, lakini sawa.

Jumatatu, 10 Juni
Baridi. Leo salamu nimezipokea nikiwa nimeketi mkekani. Wengi wamepiga magoti kwa mazoea, wawili wamekaa. Mmoja, aliyeletwa jana, kasimama wima.

Nimewaitikia wote marahaba. Kisha tukanywa uji.