Mukaba wa Kalamu ya Darlène

Wamaza, siku ya Pili

Kaka yangu Grégoire,

Ninakusalimia wewe wa kwanza, kisha wifi yangu Consolée na mugongo wake, sijui kama umepoa. Kisha Clovis, kisha Falonne, na kale katoto kachanga ambako bado sijakabeba. Huku tuko wazima. Mama yetu anakula na anagombeza kila mutu, ndiyo kusema iko muzima. Baba Darlène angali Lusangi kwenye machimbo. Darlène mwenyewe anasema nimusalimie fundi wake wa viatu, ndiyo wewe.

Kaka, ule mukaba wa ngozi uliomushonea ulifanya kazi. Unajua vidole vyake havikamati kitu tangu kuzaliwa. Kila asubui Soraya, mwenzake wa benchi, alimufunga mukaba kwenye mukono, akapenyeza biki mu katundu kake, na mutoto akaandika. Mwalimu alisema maandiko yake ni kama kuku amepita kwenye matope, lakini kuku huyu anajua hesabu kupita wote. Tulicheka sana.

Sasa mukaba hauko. Egzame ya darasa la sita imebakia majuma matatu, na mwalimu anaogopa hatutapata ruhusa ya mutu mwingine kumwandikia. Darlène alisema Soraya ndiye aliufungua mara ya mwisho. Direkta wa shule akamuita Soraya, mutoto akakana, wakamupigisha magoti kwenye changarawe. Mama yake akamuongezea fimbo nyumbani. Wenzake wanamuimbia eti Soraya mwizi wa mikono. Amehama benchi.

Kaka, si Soraya. Ni mimi.

Ngozi ilikuwa inakauka, inamukwaruza mutoto. Usiku, mutoto amelala, nikaipaka mawese mengi, vile baba yetu alivyopaka ngozi ya ngoma, nikaitundika jikoni pamoja na samaki. Asubui nikakuta vipande. Panya walikula mpaka uzi. Ningesema siku ile, kingekuwa kicheko tu. Lakini wewe ulinikataza mafuta mara mbili, nikaona haya, nikatupa vipande chooni. Darlène alipouliza nikamujibu labda umebaki kalasini. Ni neno lile tu lililomuponza Soraya. Na siku Soraya anapiga magoti nilikuwa ninapita pale na majani ya sombe kichwani. Aliniangalia. Nikapita.

Ninakuomba ushone mwingine, wa mpira wa gurudumu, panya hawatauweza. Nilitaka umueleze Darlène wewe, sababu barua zako yeye ndiye ananisomea. Nimeacha wazo lile. Mbele ya jibu lako kufika nitakuwa nimekwenda kwa mama Soraya, na kwa direkta, na Darlène atakuwa amesikia kwa kinywa changu. Mukaba wewe utashona. Mukono wa Soraya wa kuufunga sina pa kuuagiza.

Musafiri wa pikipiki, huyu aliyeniandikia barua hii na kukuletea, anarudi huku siku ya Ine. Mupe neno, hata mustari mumoja, upesi.

Mudogo wako,
Marie-Thérèse, Mama Darlène