Nilikuwa Kwenye Mpunga wa Mlimani

Dada Zaina,

Nimekuja kaburini kwako mara nne. Kila mara nasoma Fatiha, nang'oa majani mawili matatu, napangusa mikono, narudi garini. Maneno niliyokuja nayo narudi nayo hivyo hivyo mpaka nyumbani Mutanga. Leo nimefunga duka mapema, nimekaa nyuma peke yangu kati ya maboksi ya vipuri vya pikipiki, nikasema basi, niandike. Kwenye karatasi hutanikatiza, na mimi sitapata pa kukimbilia.

Dada, siku uliyokufa sikuwa kazini.

Wote wanaamini nilikuwa kazini. Kwenye matanga, pale uwanjani kwako Kinama, watu walinishika mkono mmoja mmoja: "Pole Rashidi, kazi ndiyo ilikuchelewesha." Sheikh akasimama akasema huyu ni mwanaume anayetoka jasho ugenini kwa ajili ya nduguze. Nikainamisha kichwa. Walidhani ni huzuni. Ilikuwa huzuni, ndiyo, lakini pia nilikuwa naficha uso.

Acha nianze pale ulipokuwa hujafa.

Nilikuacha umetoka hospitali. Kidonda cha mguu kilikuwa kinakauka, dokta amesema sukari imeshuka, binti yako Mwajuma anakupikia na kukufunga bendeji. Nikasafiri kwenda Guangzhou kununua mzigo kama kila mwaka. Nilikuambia nitarudi Alhamisi. Jumanne mzigo ukawa umeshafungwa na kupelekwa kwenye meli. Sikuwa na kazi nyingine hata ya saa moja. Nikakupigia simu nikasema mzigo umechelewa, nitafika Jumatatu.

Nakumbuka ulivyojibu. "Kama ni kazi, ni kazi. Usikimbiekimbie, ndege haikimbizwi. Mi niko, nakungoja."

Uliniamini mara moja. Hata hukuuliza kwa nini.

Kesho yake nikapanda treni mpaka mji unaoitwa Guilin, kisha basi linalopanda milima. Unakumbuka ile kalenda ya dukani, picha ya mlima umekatwa ngazi ngazi, na kila ngazi imejaa maji? Siku nilipokuambia ule ni mpunga ulicheka mpaka ukashika ubavu. "Mupunga juu ya mulima? We Rashidi! Maji inashikwa na nani kule? Mupunga ni mutu wa bonde, mi namujua tangu nikiwa mutoto." Ulilima mpunga Gihanga miaka yote ile, baba na mama walipotutoka, ukanilea na kunisomesha kwa mpunga huo. Nani angebishana nawe? Nikasema siku moja nitakuletea picha niliyopiga mwenyewe.

Kwa hiyo ningeweza kujidanganya kwamba nilikwenda kwa ajili yako. Miezi ya mwanzo nimejidanganya hivyo. Si kweli. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa nimechoka. Nilichoka kuitwa. Nilichoka kuulizwa dawa, kuulizwa gari, kuulizwa dokta amesema nini. Dada, nilichoka na ugonjwa wako. Nimeandika, na sitafuta.

Nikazima simu.

Na kule ni kuzuri. Laiti pangekuwa pabaya ningekuwa na afadhali. Unapanda kwa miguu kati ya nyumba za mbao, unageuka nyuma, unakuta mlima mzima umekuwa maji. Ngazi juu ya ngazi, nyingine pana kama uwanja wa mpira, nyingine nyembamba hata ng'ombe hawezi kugeuka, na mawingu yanapita ndani yake chini ya miguu yako. Wanasema mababu zao walianza kuuchonga mlima ule mamia ya miaka iliyopita, kwa majembe na mikono. Maji hayashikwi na mtu. Yanatoka msituni kileleni, yanashuka kwa mifereji na mabomba ya mianzi, ngazi moja ikijaa inaimwagia ya chini yake.

Ulikuwa msimu wa kupandikiza. Alhamisi, siku ambayo ningekuwa nimekaa kitandani pako, nilimkuta mama mmoja mtu mzima ameinama majini, fungu la miche mkono wa kushoto. Akaniona nimesimama namtazama, akacheka, akaniita kwa mkono. Nikavua viatu. Nikakunja suruali nikaingia. Matope ya kule ni baridi, si kama ya Gihanga. Nikashika mche vibaya, akanipiga kidogo kwenye kifundo cha mkono, akanionyesha: vidole vitatu, unazamisha, unaachia. Hivyo hivyo ulivyokuwa ukinipiga mimi nilipokuwa na miaka tisa.

Nilipanda naye nusu siku. Nilikuwa na furaha, dada. Mtalii mmoja akanipiga picha kwa simu yangu ya pili, ile ninayotumia kwa picha tu. Nimecheka meno yote nje.

Nilipokuwa natoka majini ndipo nikajiuliza mara ya mwisho kuingia shambani kwako ilikuwa lini. Sikuweza kukumbuka. Tangu nifungue duka nilikuwa nakuja na gari mpaka barabarani, napiga honi, unakuja wewe na ndoo yako kichwani. Kwa mgeni nilivua viatu. Kwako nilipiga honi. Nilifikiria hilo kama dakika mbili hivi, kisha nikaenda kula wali uliopikwa ndani ya mwanzi juu ya moto, na ulikuwa mtamu.

Jumamosi nilishuka mjini, nikaingia pango lao kubwa. Mawe yananing'inia kama mapazia, mengine kama uyoga, wamewasha taa za rangi, maji yanadondoka tone tone. Nilikaa mle mpaka walipotutoa. Baadaye nimepiga hesabu ya saa za kule na za hapa. Nilipokuwa natazama mawe, hapa ilikuwa asubuhi, umeanza kuishiwa pumzi, na Mwajuma ananipigia. Alinipigia mara kumi na moja.

Ulifariki baada ya Alasiri. Nilifungua simu Jumapili, kule kumekucha, huku bado ni giza. Ujumbe wa mwisho wa Mwajuma ulisema: "Mjomba, mama ametutoka. Tukungoje ama tumuzike?" Nikaandika: "Msinisubiri. Mzikeni. Bado niko kwenye mzigo."

Hata wakati ule, dada. Umelala umefunikwa shuka, na mimi bado naandika mzigo.

Nilifika Jumatatu, udongo wako bado mbichi. Mwajuma akanisimulia siku zako za mwisho, bila kujua anachonifanya. Ijumaa ulikuwa umepata nguvu. Ulikunywa uji wote, ukaomba upelekwe Gihanga ukaone mpunga wako umefika wapi. Jirani akajitolea kukupeleka na teksi yake. Ukakataa. "Tungoje Rashidi. Gari yake haitikisi, na mi nataka anione nikiwa nimesimama mu shamba yangu." Ukarudi kulala. Kesho yake ukaondoka.

Kama ningerudi Alhamisi, tungekuwa na siku mbili. Mtu hahitaji zaidi ya nusu saa kufika Gihanga.

Arobaini ilipita nikiwa nimefunga mdomo. Kisha siku moja Mwajuma alikuja dukani akaomba simu yangu ya picha, anataka picha zako za Idi. Nikampa bila kufikiri. Nilikuwa namhudumia mteja. Nilipogeuka amesimama, kidole juu ya kioo. Mimi, majini mpaka magotini, nacheka.

"Mjomba, hii ilikuwa siku gani?"

Ningeweza kusema ni ya mwaka juzi. Neno lilishafika kwenye ulimi. Ni macho yake, dada, yamekuwa yako. Nikasema: "Ni ile wiki. Alhamisi." Akauliza, "Na muzigo?" Nikasema, "Muzigo ulikwisha Jumanne." Akaiweka simu juu ya meza taratibu, kama kitu cha mtu asiyemjua, akatoka. Hakunipigia kelele. Afadhali angepiga.

Miezi miwili hakuja. Nikipiga simu anapokea mume wake, kijana mstaarabu, ananiambia Mwajuma amelala. Amelala saa nne asubuhi, amelala saa kumi. Nikaelewa.

Msimu wa kupanda ulipofika nilijua lazima atakuwa shambani, kwa sababu hawezi kuliacha shamba lako. Nikaenda. Gari nikaiacha barabarani, sikupiga honi. Nilimkuta amekaa kwenye ukingo, tumbo limekuwa kubwa, anawaelekeza akina mama waliokuwa wanapanda. Sikujua hata kama ana mimba. Mimi, mjomba wake, sikujua. Nikamsalimia, akaitikia bila kuniangalia. Nikachukua fungu la miche nikaingia majini mwisho wa mstari.

Jua lilipokuwa limesogea sana, mgongo unaniwaka, nikasikia sauti yake nyuma yangu. "Na kule juu ya mulima, maji haitoboi ukingo ikashuka yote?"

Nikamwambia wanakagua kingo kila siku, wanaziba kwa matope na kukanyaga. Akaniuliza wanapanda mara ngapi kwa mwaka. Mara moja tu, nikamwambia, kwa sababu ya baridi. Akasema, "Mara moja? Mama angewahurumia." Kisha akalia, dada. Alilia na mimi nimesimama kwenye maji sijui niweke wapi mikono. Nilitaka kumwambia anisamehe, akaniwahi: "Usiniombe kitu leo. Panda tu." Nikapanda mpaka mche wa mwisho.

Hajanisamehe. Sitakuongopea tena, hata kwa jambo dogo. Lakini simu zangu anapokea mwenyewe sasa, na juzi amenituma sokoni kama unavyomtuma mtu wa nyumbani.

Na wewe, sijui nikuombe nini. Ningekuomba msamaha, lakini ungenisamehe upesi mno, kama ulivyoniamini upesi. Kwa hiyo siombi. Nakuambia tu nilikuwa wapi, ili ujue.

Jumapili tuna dua yako Kinama. Nimeshamwambia sheikh nina neno, na nitalisema mbele ya wote walionipa pole.

Safari ya Guangzhou ya mwezi ujao nimemwachia mwenzangu wa dukani. Mwajuma anajifungua mwezi huo, na mume wake siku hizi amepata kazi Rumonge, yuko hapa mwisho wa wiki tu. Ameniuliza kama nitaweza kumpeleka hospitali uchungu ukianza. Ameniuliza mimi, dada, baada ya yote. Nitampeleka. Nitakaa nje ya mlango wa chumba cha kujifungulia, na hawataniondoa pale mpaka nimsikie mtoto akilia.

Mungu akulaze pema, Zaina. Akupe huko pumziko ambalo hapa hukulipata.

Mdogo wako,
Rashidi